Madoa, mikwaruzo na malengelenge kwenye rangi ya gari: jua kwanza tatizo lipo tabaka gani ndo ulitibu

Gari nyingi zinazopelekwa kupigwa rangi upya hazikuwa na shida ya rangi kabisa, zilitakiwa zioshwe vizuri na kupigwa polishi basi. Na kuna nyingine mwenye nayo anapaka waksi kila wiki akitumaini boneti itarudi kung'aa wakati kliya (lile tabaka la juu kabisa lisilo na rangi) imeshakufa zamani na hakuna waksi duniani itakayoifufua. Hii inaniuma kweli kwasababu hela inapotea pande zote mbili, alafu rangi ya kiwandani ukishaiondoa hairudi tena, kule kiwandani kliya inaokwa kwenye oveni ya nyuzi 140 hivi za sentigredi kabla gari halijafungwa plastiki wala waya, gereji yenye chumba kizuri cha rangi inafika nyuzi 60 na gereji zetu nyingi oveni yao ni jua la mchana. Kwahiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kutambua, kutibu kunakuja baadae na mara nyingi ni kazi rahisi kuliko kutambua.

Rangi imejengwaje

Chini kabisa kuna bati, juu yake praima ya kuzuia kutu, alafu praima ya pili ya kulainisha, alafu rangi yenyewe, alafu kliya ambayo ni kama kioo kisicho na rangi. Vyote hivyo kwa pamoja kwenye gari lililotoka Japani mara nyingi ni maikroni 100 mpaka 140, yaani kama moja ya kumi ya milimita na kidogo, na kliya peke yake ni 35 mpaka 50 hivi. Hiyo kliya ndo inayozuia jua lisiue rangi. Kila ukipiga polishi unaikata kidogo, polishi nyepesi inaondoa maikroni moja au mbili, kompaundi (polishi yenye ukali zaidi) na mashine inaondoa zaidi, msasa ndo unakula kabisa, na hakuna kinachoirudisha. Ndo maana nasema kila siku anza na kitu laini kuliko vyote, kikishindwa ndo upande ngazi.

Sio kila gari lina kliya. Pikapu nyingi nyeupe za kazi na Land Cruiser za zamani zina rangi moja tu bila kliya juu. Kujua ni rahisi, chukua kitambaa cheupe (gari likiwa jeupe tumia cheusi), weka polishi kidogo na usugue sehemu iliyojificha, kitambaa kikitoka na rangi ya gari basi hamna kliya. Hizo ndo ukipitisha mkono zinakuachia unga kama chaki, na hiyo ni habari njema, ule unga ni rangi ya juu iliyokufa na ukiiondoa chini unakuta rangi nzima inayong'aa.

Vipimo kabla ya kugusa chochote

Osha gari kwanza, na sio kwa ndoo moja na kitambaa kimoja kama karowashi nyingi za barabarani. Kitambaa kikidondoka chini kikaokotwa na kurudishwa kwenye boneti, pale unasuguliwa mchanga. Mwaga maji mengi kwanza mpaka vumbi lishuke lenyewe, alafu ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya kusuuzia kitambaa, anza paa malizia chini. Shampoo ya gari ni bora, sabuni ya unga ya kufulia ni kali, inatoa waksi yote na ukiizoesha inakausha mpira na plastiki. Kausha kwa maikrofaiba safi.

Gari likikauka fanya hivi. Weka mkono ndani ya kifuko laini cha nailoni, kile chepesi cha kufungia mkate kinafaa, pitisha taratibu juu ya rangi. Ukisikia vipele vipele kama msasa ujue kuna uchafu umenata ambao sabuni haiutoi. Alafu mwagia maji kwenye mkwaruzo unaokusumbua, ukipotea ukilowa na kurudi ukikauka, mkwaruzo upo kwenye kliya tu na unatoka. Alafu pitisha ukucha kwa kukatiza mkwaruzo, ukucha usipokwama polishi itautoa, ukikwama kidogo utaupunguza usionekane sana, ukikwama kabisa usijaribu kuukata na kompaundi mpaka uishe maana utaishiwa kliya kabla hujafika chini yake. Angalia rangi ya ndani ya mkwaruzo pia: ukiona mweupe lakini unapotea na maji ni kliya, ukiona kijivu au rangi tofauti na gari umefika praima, ukiona bati au kahawia umefika kwenye chuma na hapo muda unahesabika, hasa ukikaa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar ambako hewa ina chumvi.

Cha mwisho usiku au ndani ya gereji yenye giza washa tochi ya simu, ilaze karibu na bodi uangalie. Ile mizunguko ya mikwaruzo midogo kama utando wa buibui ndo kazi ya vitambaa vichafu, kila gari jeusi linayo. Kama unanunua gari beba na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, ipitishe kwenye madigadi, kingo za milango na juu ya matairi, ikigoma kushika pale ambapo panatakiwa kuwa bati kuna puti nene chini, ile pasta ya kujazia mabonde (bampa ni plastiki na baadhi ya gari zina boneti ya alumini, hizo zisikutishe). Mwenye kipima unene cha kidigitali ni rahisi zaidi, ikisoma juu ya maikroni 250 au 300 paneli imeshapigwa rangi tena, ikivuka 1000 hiyo ni puti.

Vitu vilivyokaa juu ya rangi

Hapa ndo watu wanapoteza hela bure kabisa. Lami inatoka na mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, gusisha uiache ilainike sekunde chache, futa, osha na sabuni hapo hapo. Utomvu wa mwembe unatoka na spiriti ya hospitali, usiukwangue ukiwa mkavu. Cement au chokaa iliyorukia toka saiti usiisugue, iloweshe na siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikilainika iondoe kwa maji mengi. Siki hiyohiyo ndo dawa ya madoa ya maji ya kisima, yale meupe ya duara yanayobaki gari likikaukia juani baada ya kuoshwa na maji ya chumvi. Dakika moja tu, suuza, usiache ikauke kwenye rangi na usifanye bati likiwa la moto.

Vile vipele ulivyosikia na nailoni vinatolewa na klei, udongo maalum wa kusafishia rangi unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya gari. Lowanisha paneli na maji ya shampoo mengi, telezesha kipande cha klei bila kukandamiza mpaka kiteleze kama kwenye kioo. Kikunje kila mara kupata uso safi, kikidondoka chini kitupe, usijiulize mara mbili. Klei inatoa hadi vumbi la rangi ya nyumba iliyokuwa inapulizwa jirani.

Kinyesi cha kunguru kinataka haraka. Jua linapasha kliya joto inatanuka, kinyesi kinakauka na kujikunja juu yake, kliya inakuja kupoa na kujikunyata kufuata lile gamba na asidi nayo inafanya kazi yake, ndo unabaki na kovu lenye mikunjo hata ukishaosha. Kwahiyo beba chupa ya maji na kitambaa kwenye buti, loanisha dakika kadhaa, nyanyua, usisugue. Kovu likishaingia linahamia kundi linalofuata.

Vilivyoingia kwenye kliya: polishi

Mizunguko ya karowashi, makovu ya ndege, alama za maji zilizokula kliya, kupauka kidogo, mikwaruzo isiyoshika ukucha, vyote tiba yake ni kusawazisha kliya iliyozunguka mpaka ifike usawa wa chini ya mkwaruzo. Fanya kivulini, bati liwe la baridi ukiligusa. Bandika maskin tepu kwenye plastiki nyeusi, raba za madirisha na kingo zote kali za bodi maana rangi kwenye kingo ni nyembamba kuliko sehemu zote na ndo hapo watu wanapotoboa.

Chagua eneo la jaribio, sentimita 50 kwa 50 linatosha. Weka sponji laini na polishi laini, matone manne hivi ya ukubwa wa punje ya njegere, sambaza kabla hujawasha mashine, alafu pita taratibu kwenda na kurudi, kila mstari ukifunika nusu ya uliopita, kisha kata kwa upande mwingine. Futa, angalia na tochi. Imetoka? Basi hiyo ndo dawa ya gari zima, usiongeze ukali. Haijatoka, badilisha sponji kwanza uweke ngumu kidogo, bado, ndo ubadilishe polishi uende kompaundi. Ukitumia kompaundi lazima umalizie na polishi nyepesi, la sivyo gari jeusi litakuwa na ukungu na mawimbi yanayotembea ukiliangalia juani.

Kuhusu mashine, ile inayotikisika huku inazunguka ni rafiki wa anayejifunza, ni ngumu kuunguza nayo. Ile ya kuzunguka moja kwa moja waliyonayo mafundi wengi inakata haraka lakini ikikaa sehemu moja inachoma, izungushe chini, mizunguko 1000 mpaka 1500 kwa dakika, isisimame, na kwenye bampa uwe makini mara mbili kwasababu plastiki haitawanyi joto kama bati. Usichukue kabisa mashine ya kusagia vyuma ukaifunga manyoya ya kondoo ukafanya kwa fujo, nimeona boneti nzuri zinakwisha hivyo kwa nusu saa. Kwa mkono pia inawezekana kwa eneo dogo, itakuchosha tu.

Ukimaliza kila paneli ifute na spiriti iliyochanganywa na maji. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo kwa muda, gari linaonekana jipya siku ya kwanza na wiki mbili baadae kila kitu kimerudi. Unapolipa mtu akupigie polishi mwambie afute hivyo mbele yako ndo uangalie.

Alafu weka waksi au silanti kuilinda. Hiyo haitibu kitu, kazi yake ni kulinda tu.

Kliya iliyokufa

Inaanzia paa, boneti na buti kwasababu ndo zinapigwa na jua. Mwanzo kunakuwa na weupe weupe, alafu vipande vyenye kingo vinabanduka kama ngozi iliyoungua. Ukiona ukingo unaoinuka na ukucha acha polishi mara moja, unazidi kuibandua. Hapa hakuna njia ya mkato, kliya yote ya paneli hiyo ishuke kwa msasa mpaka kwenye kitu kigumu, ipigwe rangi na kliya mpya paneli nzima. Anayekwambia atapuliza kliya juu ya hiyo iliyobanduka anakuuzia miezi michache. Gari nyeupe za Toyota zenye kodi ya rangi (namba ya rangi ya kiwandani) 040 na 070 ziangalie kwa jicho la pekee, kuna baadhi zinabanduka rangi yote hadi bati linabaki wazi, jua linaharibu ushikaji wa ile praima ya chini, na Toyota walishakuwa na mpango wa kuwahudumia wateja wa Marekani kwa ajili ya rangi hizo mbili. Ikiwa hivyo juu juu haisaidii, inashushwa mpaka chini.

Mawe na mikwaruzo iliyofika chini

Barabara za vumbi na malori ya kokoto yanatoboa rangi mbele ya boneti, tobo ndogo ndogo. Hizi usizidharau, ndo mlango wa kutu.

Tafuta kodi ya rangi. Kwenye Toyota za Japani kuna kibati ukutani ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, tafuta palipoandikwa C/TR, herufi na namba tatu za kwanza ndo rangi: 1F7 ni silva, 202 nyeusi, 040 nyeupe. Kodi pekee haitoshi kwasababu gari lako limeshapauka, ng'oa kile kifuniko cha nje cha tenki la mafuta uende nacho kwa mchanganya rangi alinganishe kwa macho, juani, sio chini ya taa ya duka.

Safisha tobo na spiriti. Kama kuna kutu ikwangue na ncha mpaka bati ling'ae, ukipaka rangi juu ya kutu umeifunika tu iendelee kula. Weka tone la praima kwa kijiti cha meno, acha ikauke. Weka rangi tabaka jembamba jembamba, ikauke kati ya moja na nyingine, usijaze kwa tone moja nene litabonyea likikauka. Rangi ikae chini kidogo ya usawa, kliya ndo ijaze mpaka izidi kidogo juu. Baada ya siku kadhaa chukua msasa wa maji namba 2000 uliolowekwa, uzungushie kwenye kifutio kidogo, sawazisha kile kilima tu bila kuhangaika na rangi iliyo pembeni, pita na 3000, malizia kompaundi na polishi. Ukiangalia kwa karibu sana utaiona, ukisimama hatua mbili huioni, na kutu haitaingia, hilo ndo la muhimu.

Malengelenge

Vipele vinavyoinua rangi toka chini vina hadithi mbili kuu na lazima ujue ni ipi. Toboa kimoja. Ukikuta unga wa kahawia ni kutu inayotoka ndani, mara nyingi chini ya milango, madigadi ya nyuma na kingo za buti. Kata mpaka bati safi, na angalia upande wa ndani, kama bati limeshakuwa jembamba au limetoboka ni kazi ya fundi bodi kuchomelea kiraka, sio kujaza puti. Puti juu ya tundu inafyonza unyevu toka nyuma na itarudi tu.

Ukikuta maji au bati safi lisilo na kutu basi ni unyevu uliofungiwa wakati wa kupaka. Hapa mafundi wetu wengi wanakosea sehemu moja: wanapiga msasa wa maji juu ya puti. Puti ina matundu, inakunywa maji, inaonekana imekauka juu na praima inapigwa siku hiyohiyo, alafu jua la mwezi unaofuata linayafanya yale maji yatafute njia ya kutoka. Puti inapigwa msasa mkavu, 80 alafu 180 alafu 240 hivi, msasa wa maji unasubiri mpaka praima iwe juu. Mpe fundi hilo sharti kabla hajaanza. Chanzo kingine ni kapresa ya upepo isiyo na kichujio cha maji, tenki lake linatakiwa kufunguliwa koki ya chini kila asubuhi maji yatoke.

Makosa ya rangi mpya

Ganda la chungwa, yaani uso wenye vibonyeo, ni kliya iliyopigwa nzito, thina iliyokauka haraka mno kwa joto au bunduki ya kupulizia rangi ikiwa mbali. Inasawazishwa na msasa wa maji 1500, 2000, 3000 kisha kompaundi, ila kumbuka unakula kliya kwahiyo hakikisha zilipigwa tabaka mbili au tatu. Kidogo kidogo hata rangi ya kiwandani inayo, usiitafutie ukamilifu wa kioo.

Michirizi iliyotiririka iache ikauke kabisa, siku kadhaa, alafu ikate na msasa kwenye kibao kigumu, sio kidole, kidole kinachimba pembeni.

Macho ya samaki, yale matundu ya duara rangi inapokimbia, ni mafuta au silikoni, na silikoni ipo kwenye dawa nyingi za kung'arisha matairi na dashibodi. Paneli ifutwe na dawa ya kutoa mafuta kabla ya msasa na tena baada yake, ukianza na msasa unaingiza mafuta ndani ya mikwaruzo. Yakishatokea kompaundi haisaidii, inakaushwa, inashushwa, inarudiwa.

Ukungu mweupe juu ya rangi ya thina siku ya mvua ni unyevu wa hewa ulioganda juu kwasababu thina imekauka haraka na kupoza uso. Subiri hali ya hewa ibadilike, tumia thina inayokauka taratibu. Masika ya pwani sio muda wa kupiga rangi nje.

Rangi ikikunjamana wakati unapuliza ina maana thina inakula rangi ya zamani ya chini ambayo haikukomaa au ni ya aina nyingine, hapo simama, acha ikauke, shusha mpaka chini.

Na silva au metaliki ikitofautiana na mlango wa jirani mara nyingi kodi haina kosa. Vile vipande vidogo vya alumini vinalala tofauti fundi akipiga ya maji maji au kavu. Anayejua kazi anapuliza kwanza kwenye kadi, analinganisha juani, alafu anafifisha rangi mpaka kwenye paneli ya pembeni na kupiga kliya zote mbili.

Kama utapuliza kliya ya 2K (ile inayochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha) mwenyewe naomba usikie hili: hadina yake ina isosayaneti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haikukingi nayo. Fundi wa kulipwa anatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, glavu na nguo ya kufunika mwili, na watoto wasiwe karibu. Kama huna hivyo fanya polishi na yale matobo ya mawe, kupuliza mwachie aliye navyo. Uwiano wa hadina na thina fuata ulioandikwa kwenye kopo lako, usifuate wa jirani, makopo yanatofautiana na hadina ikipungua kliya inabaki laini daima.

Rangi ikishapigwa, osha kwa maji na shampoo nyepesi tu wiki za mwanzo, usipaki chini ya mti, na waksi isubiri mwezi mmoja mpaka mitatu kutegemea maelezo ya kopo, maana thina bado inatoka na ukiiziba mapema kliya inafifia.